Kikombe cha Siku ya Pili

Kaluki alianguka katikati ya sala ya Mama Nzuki, na kwa kuwa sala za Mama Nzuki ni ndefu na watu walikuwa wamefumba macho, mwanzoni walidhani Roho amemshukia. Wawili wakaitikia "Amina!" Syokau peke yake ndiye aliyejua. Alisikia visigino vikigonga sakafu ya saruji, akafumbua macho, akamwona rafiki yake chini kati ya mabenchi, macho yamepinduka, mwili unatetemeka wote, povu mdomoni.

"Nimemuua," akasema moyoni.

Ulikuwa mwaka wa 1984, mwaka wa mahindi ya njano ya msaada, na kijiji cha Kathonzweni kilikuwa kimesahau harufu ya mvua. Wanawake wa kanisa walikuwa wameamua kufunga siku tatu kuiombea: chakula hapana, maji hapana. Syokau ndiye mwenyekiti wao, na ukali wake ulijulikana hadi Kibwezi, walikozaliwa yeye na Kaluki kabla ya kuolewa huku. "Kufunga ni kufunga," aliwaambia. "Anayetaka kufunga nusu abaki kwake na sufuria zake."

Jumapili Kaluki alikuwa amemvuta kando. Tangu usichana alimeza kidonge cha kifafa kila asubuhi, siri ambayo hapo kijijini ilijulikana na mumewe na Syokau tu. "Sasa dawa yangu nitameza na nini?" aliuliza. Syokau alimjibu bila hata kufikiri: "Mungu wa kuleta mvua atashindwa kukulinda siku tatu?" Kaluki akaitikia kwa kichwa. Na sasa ilikuwa siku ya pili tu ya mfungo.

Wanawake walirudi nyuma hadi ukutani. Wasemavyo watu, povu la kifafa huambukiza, ingawa hakuna aliyewahi kumtaja kwa jina mtu aliyeambukizwa. Syokau alipiga magoti. Akasukuma mabenchi mbali, akavua kitambaa chake na kukikunja chini ya kichwa cha mgonjwa, akamgeuza kwa ubavu ili povu litoke nje lisimrudie kooni. Muthoki, mwalimu wa watoto wa Jumapili, akaja na kijiko.

"Tumpanue meno, asimeze ulimi!"

"Weka hiyo kitu chini, utamvunja meno. Kimbia zahanati umwite daktari. Na ukimbie kweli!"

Muthoki akatoka mbio. Ilikuwa mwendo wa saa nzima kwenda, na Syokau alilijua hilo.

Mtetemeko ulikoma. Kaluki akabaki amelegea, anakoroma, midomo imekauka hadi imepasuka. Jua la Oktoba lilikuwa limeyachoma mabati tangu asubuhi na ndani hapakukalika. Mama Nzuki, mkubwa wao kwa umri, akachota kata ya maji kutoka kwenye mtungi wa maji yaliyochemshwa kwa ajili ya chai ya kumaliza mfungo. Akainama amimine.

Syokau akamshika mkono. "Mwaitu, mama yetu, ngoja."

"Ningoje nini? Huyu amekauka! Hata Ngai, Mungu wetu, hawezi kasirika."

"Hajaamka, mama. Ukimimina sasa yataingia kwa mapafu."

"Asi! Wewe ni mama wa namna gani? Mfungo yako ni muhimu kushinda mtu?"

Wengine wakaguna kumuunga mkono Mama Nzuki. Maneno yale yalimchoma Syokau, kwa sababu Jumapili yangekuwa kweli. Hakujitetea. Akamwomba Mama Nzuki alete sukari iliyohifadhiwa kwa chai ile ile, na chumvi, na akakoroga kama alivyofundishwa kliniki watoto wake walipoharisha: lita moja ya maji, vijiko sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Alipoteza hesabu kwenye kijiko cha nne, akamwaga sukari, akaanza upya, akajaza kikombe.

Kisha akangoja, na kungoja kukawa kubaya kuliko kuanguka kwenyewe. Daktari wa zahanati alikuwa amewahi kuwaonya wote wawili: ukiacha dawa ghafla, ugonjwa unarudi na ndugu zake. Syokau aliangalia vidole vya Kaluki. Kila kilipocheza, aliinama kusikiliza pumzi zake. Anguko la pili likija mwili ukiwa umekauka hivi, je, atarudi?

Macho yakafunguka.

"Kaluki. Mimi ni nani?"

"...Syokau."

"Tuko wapi?"

"Kisimani."

Bado. Syokau akaweka kikombe chini. Mama Nzuki akasonya. Baada ya muda akauliza tena, na Kaluki akatazama mabenchi, akatazama wanawake waliobanana ukutani, machozi yakamlengalenga. "Kanisani," akasema. "Wameniona wote?"

"Wamekuona. Kaa wima kidogo, niegemee. Kunywa."

Kijiko kilipofika midomoni, Kaluki alifunga mdomo, akageuza uso.

"Kaluki, tafadhali."

"Siku tatu bado. Mvua isikosekane kwa ajili yangu."

Syokau alifungua pindo la leso ya rafiki yake, mahali anapofunga vitu vyake. Vidonge vilikuwa humo, vyote. Alikuwa akitembea navyo siku mbili bila kuvigusa, tone moja tu la maji likimtenganisha navyo. Hapo Syokau akalia, akainua uso mbele ya wanawake wote.

"Mimi ndiye nilimwambia asimeze dawa," alisema. "Aliniuliza, nikamjibu kwa jina la Mungu, na Mungu hakuwa amenituma. Nilikuwa na kiburi tu. Kaluki, nilikosea. Kunywa."

Kaluki alikishika kikombe, akakisukuma kifuani mwa Syokau. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Kama ulikosea, anza wewe."

Kila mmoja alijua maana yake: mvua isipokuja, jina litakalotajwa kisimani na sokoni litakuwa moja, la Syokau. Syokau aliinua kikombe akanywa mafunda matatu, maji yenye sukari na chumvi, ya uvuguvugu, na aliyasikia yakishuka hadi tumboni. Hakuna aliyesema amina.

Ndipo Kaluki akafungua mdomo. Kijiko cha kwanza, akameza vizuri. Cha pili. Cha tatu kikaenda na kidonge cha leo. Baada ya hapo ilikuwa kijiko kimoja na pumziko, kijiko na pumziko, ili asitapike, na Mama Nzuki mwenyewe akaja akakaa sakafuni akampepea kwa kitabu cha nyimbo.

Kikombe kilipofika nusu, Kaluki aliegemeza kichwa begani mwa Syokau.

"Kuanguka nimezoea," alisema taratibu. "Naanguka, naamka. Sikuogopa hiyo."

"Uliogopa nini basi?"

"Wewe."

Syokau akachota kijiko kingine, akakipuliza ingawa maji hayakuwa ya moto, akakipeleka polepole mdomoni mwa rafiki yake.