Mkono wa Kulia wa Sitti

Kouraichia hakuwa mtu wa kuambiwa. Pale kisiwani Nosy Be, mwenye kichwa kizito au goti lililovimba alipelekwa kwake, naye akamchanja kwa wembe, akaweka pembe ya ng'ombe na kuifyonza mpaka damu mbaya itoke. Kazi hiyo ya kuumika aliachiwa na mama yake, na akiisifu ungedhani aliibuni mwenyewe.

Mwaka 1979 mdogo wake, Sitti, alipasuliwa titi huko Mahajanga. Daktari alitoa uvimbe pamoja na tezi za kwapa la kulia. Miezi mitano baadaye mkono ukaanza kujaa. Si sana, pete tu ilikataa kutoka, na sindano ikawa inamponyoka. Hilo lilimkera Sitti, kwa sababu alikuwa akidarizi kofia ya arusi ya mwanawe Anli, na katika ukoo wao kofia hiyo hudariziwa na mama mwenyewe, tundu kwa tundu. Ilikuwa imebaki robo.

"Dada, daktari alisema mkono huu usiguswe na wembe," alisema Sitti, akiunyosha hata hivyo.

"Huyo daktari amemuumika nani hapa kwetu?"

Sitti akacheka. Alimwamini dada yake, na hilo ndilo lililokuja kumtafuna Kouraichia kuliko yote.

Akachanja mara saba. Damu ilikuwa kidogo. Yalitoka maji, yakaendelea kuchuruzika hata pembe ilipoondolewa. Kouraichia akafurahi. Akawaonyesha majirani kibakuli, eti uchafu wenyewe ndio huo. Siku ya pili Sitti alitetemeka kwa homa, na mkono ulikuwa mwekundu mpaka begani. Wakavuka bahari hadi bandari ya Antsahampano, wakashika njia ya Mahajanga.

Hospitalini, muuguzi aitwaye Djaanfar, mzaliwa wa mtaa wa Mangarivotra, alimweka kitako. Hakumfokea, afadhali angemfokea. Alimweleza kwamba damu ikipita huacha maji kidogo nyamani, na kuna mishipa myembamba ya kuyaokota. Mishipa hiyo haina moyo wa kuyasukuma: maji hupanda kwa misuli ikijongea na kwa pumzi, na vijilango vya ndani huyazuia yasirudi. Njiani hupita kwenye tezi, za kwapani, shingoni na kinenani, ambako huchujwa na vijidudu hupigwa vita. Mwisho huingia tena kwenye damu, chini ya mfupa wa mtulinga.

"Sitti hana tena tezi za kwapani," alisema Djaanfar. "Maji yamekosa njia, na walinzi wametoweka. Uliyoyamwaga hayakuwa uchafu, mama. Na ulipochanja, vijidudu vilipata pa kuingilia."

Homa ilishuka, lakini mkono ukabaki mgumu na mzito, vidole visiweze tena kushika sindano. Anli alioa na kofia ya dukani. Sitti alimvalisha kwa mkono wa kushoto, na Kouraichia akatoka uani kulia.

Wembe aliutupa. Djaanfar alikuwa amemfundisha kukanda: kwa wepesi, kuanzia karibu na shingo ili njia ifunguke, kisha kuyasindikiza maji kuelekea begani. Kila asubuhi kwa miaka kumi na moja alimkanda mdogo wake huku wakiwasengenya majirani. Neno moja tu, unisamehe, lilimkwama. Kila siku alijiambia, kesho.

Kisha ugonjwa wa titi ukarudi, ukamchukua Sitti. Wanawake wa ukoo walikusanyika kumwosha, na Kouraichia akapewa upande wa kulia. Mkono wa Kouraichia ukaanza wenyewe kukanda chini ya mtulinga, polepole, ukashuka hadi kwenye kiganja, ukaanza kupanda. Wenzake wakangoja na maji yao.

"Inatosha, Kouraichia," alisema Rabiata, aliyekuwa akiwaongoza. "Mkono haumuumi tena."

Alijua. Hapakuwa na pumzi ya kuyapandisha maji.

"Unisamehe, Sitti," alisema, wala hakuacha kukanda mpaka alipofika begani.