Tone na Bonge Katika Tangi Moja

Nimeketi kwenye mkeka, uso karibu na kioo cha tangi, nawaangalia. Mkubwa anaitwa Bonge, mdogo anaitwa Tone. Ni aksolotli, wanyama wa majini kama mijusi minene, mguu wao ukikatika huota tena, wana matamvua ya kupumulia yanayoning'inia shingoni kama manyoya, na hawana kope za kufumba macho, kwa hiyo huwezi kujua wamelala au wako macho. Mpangaji wetu aliyehama aliniachia, kila mmoja na tangi lake, akaniambia usiwachanganye mpaka mdogo amfikie mkubwa kwa umbo. Kisha tangi la Tone likapasuka, nikamhamishia kwenye beseni. Leo Shangazi analitaka beseni lake. Jioni wanakuja watu wa posa ya binti yake, Mwanaheri, na mchele wa pilau hauna pa kulowekwa. Nikamwambia, Shangazi, Bonge atamng'ata mwenzake. Akacheka. Amng'ate ana wazimu? Wewe ulipoletwa hapa ulikuwa kama panya aliyenyeshewa, nikakulaza kitanda kimoja na Mwanaheri, alikung'ata? Nikasema, alinipiga mateke. Mateke si meno, akasema, akanikabidhi Tone ndani ya kopo la maji, akaanza kulisugua beseni kwa sabuni. Akaongeza, kumweka kiumbe peke yake ni kumtesa, hata huyo mjusi wako. Hapo ndipo aliponiweza. Nyumba hii hakuna anayekula peke yake. Nikamtia Tone kwenye tangi la Bonge. Sasa naangalia. Bonge hasogei. Tone anatembea polepole chini ya tangi, anapita karibu na pua ya Bonge, naingiza mkono nimvute pembeni, maji ni baridi, mkono unaingia mpaka kiwiko, mpaka bega, chini hapafikiki, na mimi naufuata mkono wangu.

Niko barabarani. Barabara ni ya maji yaliyosimama, natembea ndani yake bila kulowa, huku na huku kuna mji wenye nyumba zilezile, mlango unatazama mlango, na kwenye kila mlango niko mimi nachungulia. Mbele yangu anatembea mtu aliyejifunga kanga. Kisogo chake ni laini, na akigeuka, mbele ni laini vilevile, hana uso. Namwuliza, umemwona Tone? Yuko kwenye kula, anasema. Anakula nini? Anasema, niambie kwanza, kinachopita mbele ya mdomo kinaitwaje? Nasema, inategemea ni nini. Huku haitegemei, anasema. Tunakwenda, barabara inapinda na kupinda tena, nyumba zinasogeleana mpaka zinakuwa ukuta mmoja, na ndani ya ukuta watu wameketi kuzunguka sinia la pilau. Wote wana manyoya shingoni. Hakuna anayepepesa macho. Karibu dada, wanasema, usisimame, huku hatuli peke yetu. Tone yuko ng'ambo ya sinia, ni mtoto wa kike, amebanwa kati ya mabega makubwa, anakula kwa mkono mmoja maana wa pili haupo. Nakaa. Nanyoosha mkono, na mnene aliye kushoto kwangu, ambaye najua ni Bonge, anafumba mdomo, na kidole changu cha mwisho hakipo. Hakiumi. Samahani dada, anasema huku anatafuna, kimenipitia mbele, wala sina chuki nawe. Wanacheka. Wa kulia, mwenye kimkono kifupi kama cha mtoto mchanga, ananionyesha. Usinune, kitaota, wangu huu uko njiani. Nauliza, na ikiwa ni kichwa? Wanaacha kutafuna. Asiye na uso ndiye anayejibu. Unanitazama, anasema, na bado unauliza.

Namnyakua Tone, nakimbia. Barabara inanirudisha kwenye sinia. Nashika nyingine, inanirudisha kwenye sinia, nao wanasema karibu, karibu, kana kwamba ndiyo kwanza nafika. Asiye na uso anasema, huku njia haitoi mtu, kinachotoa mtu hakina miguu. Ndipo namwona Shangazi, ameketi katikati ya barabara, ana uso wake, mapajani ana beseni la mchele. Shangazi, nipe beseni. Na wageni wale nini? Watakula baadaye. Anasema, niaibike kwa ajili ya mjusi? Namwonyesha mtoto. Anamtazama. Anasema, kila mtu akipewa chombo chake, sinia litabaki la nani? Nina kanga. Naitandika chini, nalichukua beseni mapajani mwake, namwaga mchele juu ya kanga, polepole, sitaki ipotee hata punje.

Nani kamwaga mchele wangu? Ni Shangazi, yuko mlangoni, na mimi niko mkekani. Mkono wangu umelowa mpaka begani. Mchele umetandazwa vizuri juu ya kanga yangu, na Tone yuko ndani ya beseni, mguu mmoja wa mbele umekatika, matamvua yanacheza, anapumua. Sikumbuki kuinuka. Shangazi anasema, wewe mtoto unataka nidhalilike mbele ya wakwe? Nasema, nitauloweka kwenye sufuria, kwa mafungu, lakini beseni halitoki. Sijawahi kumwambia Shangazi kitu hakitoki. Anainama, anautazama ule mguu. Kumbe ana meno, anasema, taratibu. Kisha anasema, haya, njoo ule kwanza, una uso wa mtu mwenye homa. Anaweka sinia chini, wali na maharage, Mwanaheri anakaa upande wake, wananisogezea nafasi katikati. Karibu, usisimame. Naangalia mkono wangu. Kidole cha mwisho kipo, lakini ni laini kuliko vingine, na kinawasha. Nachukua sahani, napakua changu, nakaa pembeni kidogo. Shangazi ananitazama. Nami namtazama, namtazama machoni, nangoja apepese.