Miaka Thelathini Iliyokatwa

Mtakwimu alimkabidhi mkurugenzi jedwali la gesi joto, zile zinazoongeza joto duniani, za miaka arobaini kutoka kanda mbili za nchi; kwenye rasimu ya ripoti akalikuta limebaki la miaka kumi. Katika miaka hiyo kumi, fungu la ukanda wa viwanda lilishuka kutoka asilimia sitini hadi arobaini na tano, na la ukanda wa mashamba likapanda hadi hamsini na tano. Aliyesoma juu juu angeapa kwamba wakulima ndio waharibifu.

Akaenda ofisini kwa mkurugenzi.

"Mzee, moshi wa mashambani haujaongezeka. Viwanda viwili vikubwa vimefungwa, ndiyo maana fungu la mashamba linaonekana limepanda. Na miaka ile ya mwanzo viwanda vilikuwa na asilimia tisini!"

"Binti yangu, nani ana muda wa kusoma miaka arobaini? Kanywe chai."

Ripoti ikatoka na jina la mtakwimu chini: *Imeandaliwa na*. Likafuata agizo la serikali la kubomoa matanuri yote ya matofali katika ukanda wa mashamba. Tanuri la mjomba wake, aliyemlea tangu akiwa mchanga, lilibomolewa kabla ya matofali kupoa. Mjomba akaanguka palepale kwa kiharusi, upande mzima ukafa ganzi. Mke wa mjomba akampigia simu mtakwimu, akasema neno moja tu: "Umetuuza." Akakata.

Wenzake walidhani ataacha kazi. Wapi! Alibaki. Kwa miaka mitatu alimchekea mkurugenzi, akamwandalia hotuba, akamrekebishia takwimu, mpaka yule bwana akawa hafungui mdomo mbele za watu bila yeye kuwepo. Kila alipoitikia "Ndiyo, mzee," alikumbuka karatasi moja ya mkurugenzi aliyokuwa ameificha.

Siku ya mkutano wa kanda mbili, ukumbi ulijaa wajumbe. Mkurugenzi akasimama, akakohoa kidogo, akageuka. "Tuonyeshe chati, binti yangu."

Ukutani ikatokea miaka arobaini yote. Mstari wa kiasi cha gesi ya viwanda ulianzia juu kabisa. Wa mashamba ulitambaa chini, karibu haukuinuka. Chini yake mtakwimu alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: *Katika gesi yote iliyotoka tangu mwanzo, fungu la viwanda ni asilimia themanini na mbili.*

"Siyo hiyo," mkurugenzi alinong'ona.

"Samahani, mzee. Labda hii."

Ukutani ikaja ile karatasi, yenye mwandiko na sahihi ya mkurugenzi mwenyewe: *Kata miaka thelathini ya mwanzo. Watu wa viwanda hawataipenda.*

Ukumbi ukalipuka. Mjumbe mmoja wa mashamba alipanda juu ya kiti. Mkurugenzi aliufunika uso kwa makabrasha, na mtakwimu akamtazama jasho likimtiririka, bila kupepesa macho, kama mwenye kiu anayetazama maji yakimiminwa.

"Ungeniambia faraghani," mkurugenzi alimwambia baadaye kwenye korido, sauti imekauka.

"Nilikuambia."

Wiki ile mkurugenzi akasimamishwa kazi, na agizo la matanuri likafutwa. Mtakwimu akasafiri hadi kwa mjomba, akaketi kando ya kitanda, akamsimulia yote, hadi jasho la shingoni. Mke wa mjomba alisimama mlangoni, hakuingia wala hakuondoka.

Kisha, kwa nusu ya mdomo iliyobaki na nguvu, mjomba akauliza, "Alitetemeka?"

"Alitetemeka, mjomba."

"Mikono?"

"Hata magoti."

Mjomba akafumba macho, akatabasamu upande mmoja.