Kipaimara cha Kambini

Waliorudi kwao kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania walirudia kila kitu: kitambulisho, cheti cha shule, hata darasa lenyewe, maana Kifaransa hawakukijua. Sasa utamlaumuje Vumilia wa Mwakiro? Alipotakiwa karatasi ya kipaimara ili afunge ndoa na Prosper, aliona na hicho kirudiwe tu. Karatasi yake ilipotea kambi ilipofungwa. Akajiandikisha katekisimu, akakaa benchi moja na watoto, magoti yakigonga meza.

Padri Gervasi alimwita pembeni, akamuuliza kama aliwahi kupakwa mafuta ya krisma. Vumilia akajibu ndiyo, ila ni ya kambini. Padri alicheka mpaka akavua miwani. Akamweleza kwamba kipaimara ni mhuri wa rohoni: Roho Mtakatifu humtia mtu nguvu awe shahidi wa Kristo, na mhuri huo haufutiki wala haurudiwi, uwe umeupata nchi gani. Alete tu shahidi mmoja aliyekuwepo.

Shahidi aliyemjua Vumilia ni mmoja tu, msimamizi wake Letisia, aliyehamia Gitega, mtaa wa Nyamugari. Na kule kambini, wiki moja baada ya kipaimara, Adventina, mama yake Vumilia, alimwita Letisia mwizi mbele ya foleni nzima ya chakula, kwa ajili ya blanketi lililopotea. Kumbe blanketi aliliuza Vumilia, apate viatu vya sherehe. Akaufyata ulimi. Kwaya ikamfukuza Letisia.

Haya, akapanda gari la Gitega, njia nzima akiomba asimkute. Akamkuta anachambua maharage. Letisia alimsikiliza, akanawa mikono, akaandika kwamba yeye mwenyewe alimwekea binti huyu mkono begani askofu alipompaka mafuta. Akasaini, akamkabidhi. Wema ule ulimchoma Vumilia kuliko matusi.

"Mama, lile blanketi niliuza mimi," alisema, machozi yakimtoka.

"Mi nilijua. Nilisimama nyuma yako, viatu nikaviona."

"Mbona hukusema?"

"Kusema kulikuwa kwako, mwanangu. Ulipakwa kwa kazi hiyo. Mi nimengoja miaka saba."

Jumapili, baada ya misa, Vumilia aliomba ruhusa ya kusema. Alikuwa anaogopa kweli, maana mama yake ni mkali, na Prosper angeweza kughairi ndoa mbele ya kadamnasi. Akasimama mbele ya watu wa Mwakiro, nusu yao wa kambi ileile, akamtaja Letisia kwa jina, kisha akamtaja mwizi: yeye mwenyewe. Prosper akabaki amekaa palepale. Adventina alinyanyuka benchi la mbele, akatoka nje bila kumtazama mwanawe.

Jumatatu asubuhi mama huyo alikuwa kituoni, amevaa vitenge vyake vya kanisani, akiuliza gari la Gitega linaondoka saa ngapi.