Maneno Yaliyopita Mikononi Mwangu

Kwa miaka ishirini na mitano mume wangu na mwanangu hawakuzungumza neno hata moja ila kupitia kwangu. Minko, mume wangu, alikuwa fundi wa kuezeka mapaa kwa mawe bapa, kazi ya watu wa huku kwetu milimani Rodopi. Ognyan, mtoto wetu wa pekee, aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka miwili, na alipopona alikuwa kiziwi. Tulimpeleka shule ya bweni ya viziwi. Lugha ya alama nilifundishwa na matroni wa pale, siku za wazazi, na iliyobaki nikafundishwa na Ognyan mwenyewe wakati wa likizo. Minko hakujifunza.

"Vidole vyangu vimeshakakamaa, Velika," alikuwa akisema. "Wewe si upo? Mwambie wewe."

Basi nikawa namwambia mimi.

Sikuanza na uongo mkubwa. Siku moja Minko aliitazama ripoti ya shule, akasema, "Miaka minne yote, wamemfundisha kupungapunga mikono tu?" Mtoto alikuwa amesimama mbele yake, ananiangalia mimi, anangoja. Nikamwambia, "Baba anasema umejitahidi." Akatabasamu. Alipofika miaka kumi na minne akaniambia, "Mwambie ananuka pombe, asinikumbatie." Nikamgeukia Minko: "Anasema unaonekana umechoka, ukapumzike kidogo." Minko akafurahi kwamba mtoto anamjali.

Nyumba yetu haikuwa na ugomvi. Majirani walinisifu kwa hilo, na mimi nikajisifu.

Ognyan alimaliza shule akiwa na miaka kumi na tisa, akarudi nyumbani. Majira ya kuchipua yale aliujenga upya ukuta wa bustani uliobomolewa na theluji, jiwe juu ya jiwe, bila kuambiwa na mtu. Minko alikuwa akipita hapo kila jioni akitoka kazini, anapunguza mwendo. Jumapili moja tukiwa mezani, tunakula maharage, akaweka kijiko chini.

"Mwambie kesho aje nami juu kijijini," alisema. "Kuna paa la kanisa. Nimeuona ule ukuta. Ana jicho zuri kuliko mimi nilipokuwa na umri wake. Mwambie sina mwingine wa kumwachia kazi hii, na hata kama ningekuwa naye, ningemchagua yeye."

Sijawahi kumsikia Minko akisema maneno mengi hivyo kwa mpigo mmoja. Na mimi nilichokisikia ni kitu kimoja tu: paa. Miaka miwili kabla ya hapo, msaidizi wake mmoja aliteleza akaanguka, akavunjika mgongo, na yule alikuwa anasikia vizuri. Walimpigia kelele, akageuka, bado akaanguka. Nani angempigia kelele mwanangu?

Ningeweza kusema, "Minko, naogopa." Tungegombana, wote watatu, na pengine wangenishinda. Badala yake nilimgeukia Ognyan nikamwambia kwa mikono, "Baba anasema kazi ya paa haikufai. Anasema ni heri uende mjini Plovdiv, kwenye ile karakana ya viatu waliyokutajia shuleni."

Ognyan alimwangalia baba yake kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Ndivyo alivyosema?"

"Ndivyo."

"Sababu sisikii?"

Hapo ndipo ningeweza kurudi nyuma. Nikasema, "Unamjua baba yako."

Akainamisha macho kwenye sahani. Minko alikuwa anasubiri, mikono juu ya meza.

"Anasema hataki," nikamwambia. "Anataka kwenda mjini."

"Haya," Minko akasema. Akakusanya makombo ya mkate kwa kiganja, polepole, mpaka meza ikawa safi. "Kazi yenyewe vumbi tupu. Nani ataipenda."

Ognyan akaenda Plovdiv. Akajifunza kushona viatu, akaoa msichana kiziwi, Tsveta, mcheshi kuliko sisi wote. Walikuwa wakija Pasaka na Krismasi. Baba na mwana wanapeana mikono, wanakula, nami nawapitishia maneno niliyokwisha kuyasafisha. Minko akaanza kuugua moyo. Hospitalini, siku zake za mwisho, Ognyan akiwa amesimama upande wa miguuni, Minko aliniambia, "Mwambie sikumlaumu kwa kuikataa ile kazi."

Ningeyapitishaje hayo? Nikamwambia Ognyan, "Baba anasema anakupenda sana."

Ognyan akanitazama kama mtu aliyepewa chenji ya bandia. Minko hakuwahi kumwambia mtu yeyote neno hilo maishani mwake, na mtoto alijua.

Tulimzika Minko mwezi wa pili, ardhi ikiwa imeganda kwa baridi, ngumu kama chuma.

Miaka mitatu baadaye mjini kwetu walifungua kituo cha watu wenye ulemavu na familia zao, kwenye jengo lililokuwa chekechea. Kila Jumamosi kulikuwa na mafunzo ya familia zenye viziwi. Nilialikwa kama mzoefu, nikawasaidie wazazi wapya. Nilivaa koti langu zuri. Mwalimu aliitwa Kremena, mwenyewe kiziwi, mwanamke wa miaka arobaini hivi, na mkalimani kijana akimsemea kwa sauti kwa wale wasiojua alama.

Jumamosi ya tatu alipanga zoezi. Watu wawili wanakaa wakitazamana, wa tatu katikati anapitisha maneno. Mimi nikawekwa katikati, upande mmoja Kremena, upande wa pili Haralampi, dereva mstaafu wa lori mwenye mjukuu kiziwi. Kremena akamwambia Haralampi amseme yeye mwalimu vibaya, asimwonee haya.

"Kwa raha zangu," Haralampi akasema. "Shangazi Velika, mwambie mwalimu kwamba darasa lake linanilaza usingizi, na hii kahawa yake ni maji ya kuoshea vyombo."

Mikono yangu ikasema yenyewe: "Anasema darasa ni zuri, ila kahawa ingekolezwa kidogo."

Mkalimani akaguna. Wale walioelewa wakacheka, hata Haralampi alipoelezwa akapiga goti lake akicheka. "Shangazi, wewe ungefaa ubalozi!"

Kremena hakucheka. Aliniambia taratibu, ili nisikose hata alama moja, "Alinikasirikia mimi. Ile hasira ilikuwa mali yangu, na jibu la kumpa lilikuwa mali yangu. Umevichukua vyote viwili. Nyumbani ulikuwa unafanya hivi?"

Nikasimama nikatoka. Nilienda nikakaa kwenye kijibenchi cha watoto kwenye ukumbi wa makoti, magoti yangu karibu na kidevu. Kremena akanifuata, akakaa sakafuni mbele yangu ili tuonane. Nikamweleza ile Jumapili ya maharage. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mtu.

Hakunipa pole. Alisema, "Mama yangu naye alikuwa hivyo. Mpaka leo sijui ndugu zangu walikuwa wakinisema nini. Yeye ameshakufa. Wewe bado uko hai, na mwanao yuko mwendo wa basi moja."

Jumapili iliyofuata nilipanda basi la asubuhi kwenda Plovdiv. Tsveta alikuwa akitukaangia viazi, akaona uso wangu, akaacha jiko. Nilimwambia Ognyan yote, jikoni kwao, bila kusafisha kitu: paa la kanisa, ukuta wa bustani, "ana jicho zuri kuliko mimi," "ningemchagua yeye." Nikamwambia na ya hospitali.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

Kisha akafumba macho. Asiyeishi na kiziwi hatajua maana yake. Ukimfungia mtu kama yeye mlango, bado anaweza kukuona dirishani. Akifumba macho yeye, huna pa kugonga. Nilibaki nimekaa mbele yake, mikono mapajani, sina lugha. Mwisho Tsveta akanigusa bega, akanipa koti langu, akanisindikiza mpaka kituo cha basi. Njiani aliniambia kitu kimoja: "Alikuwa akiniambia baba yake alimwonea aibu. Miaka kumi na moja."

Hakujibu ujumbe wangu hata mmoja kwa miezi mitano. Niliendelea kwenda kituoni kila Jumamosi. Wazazi wapya wakiniuliza nilivyoweza kuishi na mume na mwana bila ugomvi, niliwaambia ukweli, na baadhi yao hawakukaa tena karibu nami.

Mwezi wa kumi Ognyan akaja, peke yake. Hakunibusu. Aliniomba nimpeleke juu kijijini. Tulipanda kwa miguu, akasimama nje ya uzio wa kanisa akilitazama paa la baba yake, mawe yaliyolaliana kama magamba ya samaki, hakuna lililoteleza. Akaangalia mpaka shingo ikachoka.

Tuliporudi nyumbani akakaa mezani, akatoa daftari na kalamu.

"Sasa niambie alichosema," akasema. "Chochote unachokumbuka. Kibaya na kizuri, vilevile kilivyotoka."

Nikampa ile ya ripoti ya shule. Akaiandika, na nadhani alikaribia kucheka. Nikampa ile ya Jumapili, akaiandika neno kwa neno. Nikampa ya hospitali. Nikakumbuka na nyingine mbili tatu, za kuchukiza, akaziandika pia.

"Siku ya harusi yangu? Alisema mengi. Uliniambia alituombea baraka."

Nilijaribu. Namwona Minko ameshika glasi, kola inambana, midomo inakwenda, Tsveta anamtazama kwa hamu. Naona mikono yangu ikisema *baraka*. Sauti yake siipati.

"Siku nilipopata kazi?"

"Nilikuambia nini?"

"Kwamba amefurahi."

Nikatikisa kichwa. Ninachokikumbuka ni nilichokisema mimi. Nilikuwa nayasikiliza maneno yangu kwa makini zaidi kuliko yake.

Ognyan alingoja, kalamu juu ya karatasi. Akauliza kuhusu siku nyingine, na nyingine, kwa subira, kama mtu anayejaribu funguo mlangoni. Ukurasa haukufika nusu.