Habari Ninayo, Mkono Una Ganzi

…hongera mama, mama nani, mimi nimekuja na kiganja kilichopasuliwa na kioo cha dirisha tulichokuwa tunakata karakanani, nesi ananipa hongera, eti kabla ya eksirei lazima tupime mkojo dada, ni utaratibu tu, nikampa huku nacheka moyoni, pima utakavyo, miaka yote hii vipimo vinanijibu hapana, na leo… "Usitikise mkono," daktari anasema, sindano inaingia, inatoka, sisikii kitu, mkono wa kulia umekufa ganzi mpaka kwenye kiwiko, wa kushoto una dripu, nimekatazwa kuukunja, na mume wangu yule pale nje, uso kaubandika kwenye kioo cha mlango, kiziwi tangu utotoni, watu humwita bubu, wangejua, nyumbani hatulali kwa porojo za mikono yake, sasa ananiuliza kwa vidole, kainua vitano, vipi, vyote vipo, na mimi habari ninayo, tena habari gani, ila mkono wa kuisemea umelala hapa unashonwa… tabasamu basi, natabasamu, machozi nayo yanatoka, ona sasa, amesawijika, anadhani kidole kimekwenda, jamani si kidole, nikiinua vitatu vya kushoto je, kwamba tulikuwa wawili sasa tuko watatu, thubutu, atadhani vimebaki vitatu, azimie pale pale, tulazwe wote… "Dada, unaumia?" siumii, nina furaha mpaka naogopa, nimwombe nesi amwambie, hapana, asije akaisoma midomoni mwa mtu mwingine, hii ni yangu, nitaisema kwa mkono wangu ganzi ikiisha, na je, kama kipimo kimekosea, kama… "Nimepima mara mbili," nesi ananinong'oneza, kumbe nimeuliza kwa sauti, mara mbili, uwiii… "Bado nyuzi chache," haya, shona taratibu daktari, sina haraka tena, maana tangu nipewe ile hongera siongei peke yangu humu ndani, kuna mtu, haya wewe, tulia, ganzi hii ni ya mkono tu, haikuhusu, yule pale mlangoni kainua vitano tena, anauliza tena, hachoki, ndiye baba yako, ana maneno mengi huyo, utamzoea.