Mizizi ya Roman Wieczorek

Jumatatu baada ya mchezo wa tatu wa msimu, ambao timu yake ilifungwa kama ilivyofungwa miwili ya kwanza, Roman Wieczorek alikaa jikoni kwake mjini Toledo, miguu ndani ya beseni la maji ya barafu. Mkewe Dolores alikuwa anakaanga vitunguu vya kumwagia juu ya pierogi, vile viandazi vya Kipolandi vya kuchemsha. Alipoinama kumwongezea barafu, akaona nyayo za mumewe zimetoa mizizi. Ilikuwa myembamba na myeupe, kama ya kitunguu kilichosahaulika kabatini.

"Imeanza lini?"

"Jana. Kipindi cha tatu."

"Inauma?"

"Si kama magoti."

Dolores akarudi kwenye kikaango, maana vitunguu havimngoji mtu.

Anayeijua kazi ya Roman hatauliza mizizi ilitoka wapi. Katika futiboli ya Kimarekani yupo mtu mmoja anayeinama juu ya mpira uliolazwa chini, akaupitisha nyuma kati ya miguu yake kwa mrushaji, na asipofanya hivyo hakuna kinachoanza. Watu elfu sitini watakaa na bia zao wakimtazama matako. Akishautoa mpira, majitu mawili yenye uzito wa friji humvamia, na hapo kazi yake inabaki moja tu: asisogee. Roman alikuwa hajasogea kwa niaba ya timu ya Wahunzi kwa miaka kumi na minne, kwenye uwanja uleule, ndani ya matope yaleyale. Hata mguu wa meza ungekuwa umeshachipua.

Alichokuwa amebakiza ni jambo moja. Binti yao Renata alikuwa anaolewa Jumamosi ya kwanza baada ya msimu kwisha. Katika mtaa wao wa Wapolandi, baba asipocheza ngoma ya polka na binti yake siku ya harusi, hata supu haipewi heshima ya kunywewa. Roman alikuwa amemwahidi Renata kwamba watacheza, tena kwa miguu yake mwenyewe, kisha atatundika viatu na kulala mpaka masika.

Jumanne Daktari Feeney wa timu aliitazama mizizi ile kwa kioo cha kukuzia.

"Pumzika wiki tatu," alisema. "Usikanyage nyasi. Itakauka yenyewe."

Kocha Dugan alikuwa amesimama mlangoni anatafuna kijiti cha meno.

"Wiki tatu! Daktari, mimi wiki tatu zijazo nitakuwa nauza magari mabovu. Hakuna dawa nyingine?"

"Naweza kuikata. Nimchome ganzi, nimfunge plasta."

"Ndiyo hiyo. Babu, unasemaje?"

Roman aliitwa Babu na timu nzima, hata na kocha aliyemzidi umri. Alitazama miguu yake.

"Nisipokuwepo mpira hauanzi," alisema.

Basi wakaikata kwa mkasi wa bandeji, wakamfunga plasta nyeupe kutoka vidoleni hadi chini ya goti, kama wanavyofunga kila kitu katika kazi ile, kuanzia kifundo kilichoteguka hadi bomba la bafuni. Mtu yeyote aliyewahi kuwa na ua wa michongoma nyumbani anajua ukikata unachochea. Kwenye chumba kile hawakuwa na michongoma. Walikuwa na plasta.

Mchezo uliofuata ulikuwa wa nyumbani. Roman aliinama, akautoa mpira, na majitu mawili yakamjia. Yalimgonga yakaanguka. Mmoja wao aliinuka akamtazama miguuni, ambako plasta ilikuwa imepasuka na mizizi imeingia ardhini.

"We mzee, umepandwa?"

"Wewe sukuma tu, kijana. Usinipotezee muda."

Wahunzi walishinda. Wakashinda tena mchezo wa nyumbani uliofuata. Baada ya kila mchezo watu wa uwanja walikuja na sepetu, wakamchimbua polepole, Daktari Feeney akakata, akachoma, akafunga. Ugenini, akiwa ametoka kukatwa, Roman alisimama kama mtu aliyeamshwa kutoka kaburini, na timu ikafungwa. Kwa hiyo ilikuwa nyumbani ushindi, ugenini kilio, wiki baada ya wiki, na mizizi kila ikirudi ilirudi nene zaidi. Mwezi Novemba mkasi ulishindwa, wakaleta msumeno.

Mji ulifurahi, kwa kadiri mji uliochoka unavyoweza. Kiwanda cha vioo kilikuwa kimefungwa, lakini Jumapili watu walijaa maegesho tangu asubuhi, wakachoma soseji nyuma ya magari yao, wakaimba jina la Babu. Wengine walileta mbolea. Tajiri wa timu, Bwana Prescott Lyle, aliuona uwanja umejaa, akaupiga picha kutoka angani, akaipeleka picha hiyo kusini, kwenye mji wa jangwani uliokuwa unatafuta timu ya kununua.

Dolores alimfuata Kocha Dugan ofisini kabla ya mchezo wa mwisho. Alikuja na bakuli la pierogi, kwa sababu hakujua kwenda kwa mtu mikono mitupu, hata anapokwenda kugombana.

"Kocha, mpe mapumziko. Hata mkishinda hamwingii mtoano, hamwendi popote, hesabu zimeshafungwa."

"Kwenda tunakwenda, mama. Tunahama." Kocha alichukua pierogi moja. "Usimwambie mtu. Tajiri anataka watu wajae mara ya mwisho, na hawaji kunitazama mimi."

"Binti yangu anaolewa Jumamosi. Anamngoja baba yake acheze naye."

"Atacheza. Jumapili jioni tunamchimbua, una siku sita za kumkausha." Akala ya pili. "Hivi umetia jibini?"

Usiku Dolores alimwambia Roman yote. Roman alikuwa kitandani, miguu juu ya mito, na nguzo za kitanda zilikuwa zimeanza kumwonea wivu.

"Kwa hiyo wanauza," alisema.

"Wanauza. Usiende, Roman."

Roman alisogeza mto mmoja chini ya kisigino.

"Watu watakuwa wameshakaa," alisema. "Wameshachoma soseji zao. Nani atautoa mpira?"

Jumapili theluji ilianguka toka asubuhi. Roman aliinama penye mstari wa yadi arobaini, na mara hii mizizi haikungoja kipindi cha tatu. Iliingia chini kwenye mpira wa kwanza, ikapita nyasi, ikapita udongo mfinyanzi, ikafika mahali penye joto, naye akasikia kwa mara ya kwanza tangu ujana wake kwamba magoti hayamuumi. Timu ilibidi icheze palepale, kila mpira ukirudishwa kwake. Mbele yake kila kitu kilipita na nyuma yake kila kitu kilirudi, na refa, ambaye sheria zake hazikuwa na neno juu ya mimea, aliacha mchezo uendelee. Wahunzi walishinda.

Filimbi ilipolia malori yalikuwa tayari langoni. Wachezaji walipanda mabasi na jezi zao za matope. Watu wa uwanja waliingia na sepetu, wakachimba mpaka magotini mwao, wakakuta mizizi minene kama mapaja, wakasimama kuvuta sigara. Kocha Dugan alikuja na koti lake begani.

"Babu, ikatwe?"

Daktari Feeney alichungulia shimo, akasema ikikatwa hapo mtu atabaki juu na miguu itabaki chini. Kocha akavua kofia yake ya sufu, akamvika Roman.

"Huko tuendako nyasi ni za plastiki," alisema. "Zisingekufaa. Tutakutumia mtu."

Taa za uwanja zikazimwa upande mmoja baada ya mwingine. Dolores alishuka kutoka jukwaani na kiti cha kukunja na chupa ya supu, akaketi karibu yake.

Jumamosi harusi iliondoka kanisani ikaja uwanjani. Mlinzi alikuwa hajalipwa tangu timu iondoke, akafungua lango bila kuuliza. Mjomba mmoja alipiga kodiani kwa glavu zilizokatwa vidole. Renata, na gauni lake juu ya buti za theluji, akapanda juu ya viatu vya baba yake kama alivyofanya alipokuwa mdogo, wakayumba, kulia na kushoto, kadiri mizizi ilivyoruhusu.

"Baba, tunacheza au tunapepesuka?"

"Funga mdomo, hesabu hatua."

"Hatua zipi?"

Masika Roman alitoa majani. Bwana Lyle aliuza kiwanja, na walionunua wakakimwagia lami kukifanya maegesho. Wakaacha mraba mdogo wa udongo kumzunguka, kama wanavyoachia miti ya mjini, wakaweka na kibao cha kukataza magari. Kutoka kusini ilikuja barua ya faini kwa kukosa mazoezi. Dolores aliitumia kufungia mabaki ya soseji.

Jumapili watu bado huja. Huegesha magari, huchoma nyama, hufungua redio kusikiliza Wahunzi wakicheza kwenye mji ambao hauna chuma wala mhunzi. Filimbi inapolia redioni Roman huinama, na Dolores, mwenye miaka hamsini na miwani inayoteleza, husimama nyuma yake na mikono wazi. Mara ya kwanza mpira ulimgonga tumboni. Siku hizi anaudaka.

"Tumepata yadi ngapi?" Roman huuliza, uso ukitazama lami.

Dolores huangalia kulia, huangalia kushoto.

"Hata moja, Roman. Tuko palepale."

Roman huitikia kwa kichwa, majani yake yakichakacha kidogo, akaulaza mpira chini, akainama tena.